Bodi mbovu humlipisha asiye na karatasi

KIGALI – Mwenye nyumba akiambiwa kuwa paa au dari yake ina sumu, swali la kwanza analouliza ni la afya. La pili hufuata hapo hapo: nani atalipa? Katika Jiji la Kigali swali hili la pili limekuwa likijibiwa kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na jibu lake linawagusa moja kwa moja waagizaji wa vifaa vya ujenzi na wenye malori wanaovileta kutoka Mombasa na Dar es Salaam. Hulipa yule ambaye mzigo mbovu umemfikia mkononi na hana pa kuurudisha.

Kwa upande wa asbesto, mtu huyo amekuwa mwenye nyumba. Kwa upande wa bodi za jipsamu, ambazo leo zimejaa kwenye maduka ya Gisozi na Muhima na katika dari za karibu kila nyumba mpya ya mjini, mtu huyo anaweza kuwa mwenye duka. Anaweza hata kuwa msafirishaji. Yaliyotokea Marekani na Australia yanaonyesha jinsi hali hiyo inavyokuja, na kwa nini anayeokoka ni yule aliyetunza karatasi zake.

Deni la asbesto

Asbesto iliingia Rwanda kama ilivyoingia kwingineko Afrika Mashariki: ilikuwa imara, haishiki moto, haipati kutu na haipigi kelele wakati wa mvua. Katika miaka ya 1970 na 1980 iliezekwa kwenye shule, hospitali, makanisa, ofisi za serikali na nyumba za watumishi. Wakati huo hakuna aliyemwona muuzaji wake kuwa mkosaji. Ilikuwa bidhaa halali, yenye ankara na dhamana.

Ubaya wake upo kwenye nyuzi ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona. Bati la asbesto likivunjika, likikatwa kwa msumeno au likichakaa kwa mvua na jua, nyuzi hizo huruka hewani, na mtu akizivuta hukaa kwenye mapafu. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwamo ile ya utando unaozunguka mapafu. Ugonjwa huchukua miaka 20, 30 au 40 kujitokeza. Kwa mtaalamu wa uchumi hapa ndipo penye shida kuu. Hasara inapojitokeza, kiwanda kilishafungwa, mwagizaji alishastaafu au kufariki, na fundi aliyeezeka hajulikani alipo. Kilichobaki ni nyumba na mwenyewe.

Rwanda ilianza mpango wa kitaifa wa kuondoa asbesto mwaka 2011 chini ya Mamlaka ya Makazi ya nchi hiyo (RHA). Hesabu iliyofanywa ilionyesha zaidi ya mita za mraba milioni 1.6 kwenye majengo nchini kote. Lengo la awali lilikuwa kumaliza katika miaka 5. Muda huo ulipita kazi haijaisha, na tarehe ya mwisho ikasogezwa mbele.

Sababu iliyotajwa mara nyingi ni gharama. Asbesto haishushwi kama bati la kawaida. Wafanyakazi huvaa mavazi maalum na barakoa za kuchuja vumbi, paa hulowanishwa kwanza ili nyuzi zisiruke, mabati hushushwa mazima bila kuvunjwa, hufungwa kwenye plastiki nzito na kupelekwa kuzikwa katika mashimo yaliyotengwa. Baada ya hapo mwenye nyumba anaanza upya: mbao, misumari, mabati mapya, na mara nyingi dari mpya, kwa kuwa ile ya zamani nayo ilikuwa ya asbesto au imeharibika wakati wa kazi. Analipa mara mbili kwa paa moja, na hana wa kumdai hata faranga.

Kwa wenye malori jambo hili lina upande wake. Mabati yaliyoshushwa ni taka ya hatari, si mzigo wa kurudia. Nchini Kenya kanuni za usimamizi wa taka zinaiweka asbesto katika kundi hilo, na anayesafirisha taka anatakiwa kuwa na leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Dereva anayekubali kubeba mabati ya kijivu yaliyotumika kwa bei ya kutupa, eti kuna mtu anataka kuezekea banda la kuku, anajiingiza katika kosa ambalo malipo ya safari hayawezi kulifidia. Anavuta pia vumbi lake njia nzima.

Cheti kinasema hivi, bodi inasema vile

Ingekuwa rahisi kusema kwamba hayo ni mambo ya zamani. Asbesto imepigwa marufuku Umoja wa Ulaya tangu 2005 na Afrika Kusini tangu 2008, na Marekani ilitoa amri ya kuzuia aina ya krisotili, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa bado ikiingizwa huko, mwezi Machi 2024. Lakini aina hiyo bado inachimbwa na kuuzwa halali katika nchi kadhaa zinazouza vifaa vya ujenzi nje, na hapo ndipo mwagizaji wa Kigali anapopaswa kuwa macho.

Mfano mzuri ni wa Australia. Nchi hiyo ilipiga marufuku asbesto kabisa kuanzia mwisho wa mwaka 2003. Hata hivyo, Julai 2016 mafundi waliokuwa wakimalizia Hospitali ya Watoto ya Perth walikata paneli za paa zilizoagizwa kutoka China na vumbi lake likakutwa na asbesto. Paneli zilikuwa zimepita bandarini. Vyeti vilikuwepo. Kazi ilisimama, paneli zikabidi zibadilishwe, na hospitali iliyokuwa tayari imechelewa ikachelewa zaidi.

Funzo la mkasa huo kwa mfanyabiashara si kwamba vyeti vyote ni vya uongo. Ni kwamba maneno "haina asbesto" hayana maana moja kila mahali. Nchi moja inaweza kuruhusu kiwango kidogo na bado ikaita bidhaa hiyo safi, wakati nchi inayoipokea hairuhusu hata chembe. Mkataba wa ununuzi usiotaja kiwango cha nchi ya mnunuzi, na usiotaja maabara itakayopima, humwacha mnunuzi na cheti ambacho hakijibu swali aliloulizwa mpakani.

Hata namba za forodha zina la kusema hapa. Katika orodha ya kimataifa ya HS, mabati na bodi za saruji zenye nyuzi ziko kwenye fungu la 68.11, na tangu marekebisho ya 2007 fungu hilo limegawanywa wazi: 6811.40 ni zenye asbesto, na 6811.81, 6811.82 na 6811.89 ni zisizo nayo. Bodi za jipsamu zenye karatasi pande zote mbili ziko peke yake kwenye 6809.11. Wakala wa forodha anapoandika 6811.82 amekwisha kutoa tamko, kwa niaba ya mteja wake, kwamba bodi haina asbesto. Wapo waagizaji wanaosaini tamko hilo huku wakidhani namba ni suala la ushuru tu.

Harufu ya mayai viza

Kigali haikupata mkasa wa bodi za jipsamu wa aina ya Florida, lakini ndio unaofaa kusomwa kwa makini na kila anayeuza dari katika ukanda huu, kwa sababu pale fedha zilifuatiliwa hadi mwisho na kila aliyeshika bodi aliitwa kueleza.

Marekani ilipigwa na vimbunga mfululizo mwaka 2004 na 2005, kikiwamo Katrina. Wakati huo huo nyumba zilikuwa zikijengwa kwa wingi. Bodi za ndani hazikutosha, waagizaji wakageukia China, na uingizaji ulifikia kilele mwaka 2006. Baada ya muda wakazi wa Florida, Louisiana na majimbo mengine wakaanza kulalamika: nyumba mpya zinanuka kama mayai viza au kiberiti kilichowashwa, macho yanawasha, viyoyozi vinakufa mara kwa mara, na nyaya za shaba ndani ya kuta zimekuwa nyeusi. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani (CPSC) ilipokea taarifa takriban 4,000 kutoka majimbo zaidi ya 40.

Chanzo kilikuwa salfa. Baadhi ya bodi zilikuwa zikitoa gesi ya haidrojeni salfaidi na gesi nyingine za jamii hiyo, na gesi hizo hula shaba na fedha. Vipimo vya maabara vilionyesha kuwa zilizotoa gesi nyingi zaidi zilitengenezwa China mwaka 2005 na 2006, na kwamba joto na unyevu huzidisha utokaji wa gesi. Vilionyesha pia kuwa si kila bodi ya China ilikuwa mbovu, jambo ambalo walaji wengi hawakutaka kulisikia. Tatizo lilikuwa la shehena fulani, kutoka viwanda fulani, kwa miaka fulani. Mwenye nyumba asiyejua bodi zake zilitoka wapi alilazimika kuzihesabu zote kuwa mbovu.

Sasa tazama fedha. Aprili 2010 mahakama ya shirikisho ya New Orleans, chini ya Jaji Eldon Fallon, iliamuru familia 7 za Virginia zilipwe dola milioni 2.6, na katika kesi nyingine mwezi huo huo familia moja ya Louisiana ikapewa zaidi ya dola 164,000. Familia moja, nyumba moja. Thamani ya bodi zenyewe ilikuwa sehemu ndogo mno ya fedha hizo. Kilichogharimu ni kung'oa kila kitu, kubadilisha vifaa vya umeme na viyoyozi, na kuihamisha familia wakati kazi ikiendelea.

Viwanda viwili ndivyo vilivyotajwa zaidi. Kimoja kilikuwa tawi la China la kampuni ya Ujerumani, Knauf. Bodi zake nyingi zilikuwa na jina lake mgongoni, na kampuni mama ilikuwa na mali na sifa za kulinda, hivyo ilikubali mwaka 2011 mpango mkubwa wa kuzikarabati nyumba. Kingine, Taishan, kilibishana kwa miaka kwamba mahakama za Marekani hazina mamlaka juu yake. Mwaka 2014 kilitiwa hatiani kwa kuidharau mahakama. Makubaliano ya dola milioni 248 yalifikiwa mwaka 2019, zaidi ya miaka 10 tangu malalamiko yaanze.

Katika miaka hiyo yote ya kusubiri, nani alikuwa karibu na mahakama? Wajenzi na wenye maghala. Msambazaji mmoja wa Florida, Banner Supply, alikubali mwaka 2011 kulipa zaidi ya dola milioni 54 kumaliza madai dhidi yake. Hakuwa ametengeneza bodi hata moja. Alizinunua, akazihifadhi, akaziuza. Wengi waliokimbilia bima walikuta mlango umefungwa, kwa kuwa kampuni za bima zilionyesha vipengele vinavyoondoa uchafuzi, kutu na kasoro za vifaa.

Mwagizaji wa Kigali yuko mahali pale pale alipokuwa msambazaji huyo. Kiwanda kiko Shandong au Guangdong, lugha nyingine na mahakama nyingine. Mteja yuko Kicukiro na anajua duka lilipo.

Hesabu ya kontena moja

Bodi ya kawaida ya dari, milimita 9, upana mita 1.2 na urefu mita 2.4, ina uzito wa kilo 18 hadi 20. Kontena la futi 40 hujaa uzito kabla ya kujaa nafasi: tani 26 ni takriban bodi 1,300. Nyumba yenye dari ya mita za mraba 150 hutumia bodi 52, na ukiongeza zinazokatwa na kuharibika zinafika 55 au 60. Kwa hiyo kontena moja la shehena mbovu linaingia kwenye nyumba zaidi ya 20.

Hapo ndipo biashara hii inapokuwa na mizani mibaya. Faida ni ya bodi moja moja, hasara ni ya nyumba nzima nzima. Muuzaji anayeokoa gharama ya kipimo kimoja cha maabara kwa shehena amejitwika hatari ya nyumba 20. Kama amechanganya shehena tatu ghalani bila kuziwekea alama, amejitwika ya nyumba 60, kwa sababu hataweza kusema ni zipi zilitoka kwenye kontena bovu.

Kwamba Rwanda haichukulii kasoro za nyumba kama ugomvi wa mteja na fundi tu kulionekana Aprili 2023, pale nyumba za mtaa wa Urukumbuzi huko Kinyinya, wilaya ya Gasabo, zilipozua mjadala wa kitaifa kutokana na ujenzi hafifu. Mwekezaji wa mradi alikamatwa, na maafisa waliowahi kuitumikia wilaya hiyo nao wakakamatwa. Suala lile halikuwa la bodi, lakini kila aliye katika mnyororo wa ujenzi alipata ujumbe.

Nyumba inakaguliwaje

Utaratibu uliowekwa na CPSC pamoja na wizara ya makazi ya Marekani mwaka 2010 ni rahisi kuufuata hata bila vyombo vya gharama, walau katika hatua ya kwanza. Huanza na mambo mawili ambayo lazima yawepo yote: bodi ziwe ziliwekwa katika kipindi kinachoshukiwa, na shaba iwe imekuwa nyeusi. Umeme ukizimwa, fundi mwenye sifa anafungua soketi na swichi chache na kutazama waya wa ardhi usio na plastiki. Shaba ya kawaida ikizeeka huwa kahawia. Ile iliyoliwa na salfa huwa na utando mweusi kama masizi. Zikipatikana dalili hizo, hufuata uthibitisho: alama za kiwanda mgongoni mwa bodi, na kipande kupelekwa maabara. Salfa inayozidi sehemu 10 kwa milioni ndani ya bodi ni ushahidi mzito.

Kwa Kigali kuna marekebisho ya kufanya. Nyumba nyingi hazina viyoyozi, kwa hiyo dalili iliyowashtua watu wa Florida mapema haipo hapa. Jiji liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 na hewa yake ni ya wastani, hivyo bodi ambayo ingenuka upesi Mombasa inaweza kukaa kimya muda mrefu zaidi. Tena jipsamu huku iko zaidi darini kuliko ukutani, na waya wa kutazamwa kwanza ni ule wa taa, si wa soketi. Mkaguzi apande, afungue kikombe cha taa, na akiweza atazame juu ya dari, ambako mgongo wa bodi na maandishi yake vinaonekana bila kuvunja kitu.

Harufu peke yake isimhukumu mtu. Nyumba yenye shimo la maji taka lililofungwa vibaya, au bomba la sinki lisilo na kizuia harufu, hunuka hivyo hivyo. Na kwa wale wanaopitisha bodi Rubavu kwenda Goma, ikumbukwe kuwa volkano ya Nyiragongo humwaga gesi ya salfa angani na mvua yake ya tindikali hula hata mabati ya paa. Waya mweusi wa Goma hautoshi kumpeleka muuzaji wa Kigali mahakamani.

Asbesto ni tofauti. Hakuna fundi anayeweza kuithibitisha kwa macho, na kulivunja bati ili kulitazama ndilo kosa lenyewe. Umri wa jengo, rangi ya kijivu na unene wa bati ni vya kutia shaka tu. Jibu hutoka kwenye darubini ya maabara, kwa kipande kidogo kilichochukuliwa kikiwa kimelowanishwa na mtu aliyejikinga.

Njia ndefu, macho machache

Bodi ya jipsamu ikitoka Dar es Salaam kupitia Rusumo husafiri karibu kilomita 1,500. Kutoka Mombasa kupitia Malaba na Gatuna ni karibu 1,700. Katika njia yote hiyo mzigo hupimwa uzito mara nyingi na kukaguliwa ubora mara chache. Programu za Kenya na Tanzania za kukagua bidhaa kabla hazijaondoka nchi zinakotengenezwa, ile ya KEBS iliyoanza 2005 na ya TBS iliyoanza 2012, zinalenga bidhaa za soko la nchi hizo. Mzigo wa kupita kwenda Rwanda hauhusiki. Chini ya Himaya Moja ya Forodha iliyoanza kutumika ukanda huu mwaka 2014, hati huwasilishwa nchi ya mwisho na kodi hulipwa kabla lori halijaondoka bandarini. Ni jambo jema kwa mzunguko wa fedha, ila lina maana kwamba bodi inaweza kuwa imelipiwa kila kitu kabla jicho la mkaguzi wa RICA, mamlaka ya Rwanda ya ukaguzi, ushindani na ulinzi wa walaji, halijaiona.

Njia mbadala ni kununua bodi zinazotengenezwa ndani ya Jumuiya, na Kenya na Tanzania zote zina viwanda. Sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 inataka bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi mwanachama ikubalike kwa wengine bila kupimwa upya. Ugomvi wa mipakani juu ya alama hizo haujaisha, kila mwenye lori anajua. Lakini kwa hesabu ya hatari, kiwanda kinachoweza kushtakiwa Nairobi au Dar es Salaam kina thamani ambayo haionekani kwenye bei ya bodi. Bodi ya mbali ikiwa nafuu kidogo tu, mnunuzi mwenye busara aihesabu kuwa ghali.

Halafu kuna maji. Jipsamu iliyolowa hupoteza nguvu, karatasi yake huota ukungu, na dari huanza kubonyea miezi michache baada ya kupakwa rangi. Mvua za Machi hadi Mei na zile za kuanzia Septemba humkuta dereva njiani. Turubai lililotoboka, bodi zilizopangwa moja kwa moja juu ya sakafu ya tela, usiku mmoja wa foleni mpakani, vinatosha. Bodi ikikauka huonekana nzima, na duka huipokea. Mteja akija kulalamika kuhusu ukungu, mwenye duka atasema ni kiwanda, kiwanda kitasema ni msafirishaji, na msafirishaji ambaye noti yake ya kupokelea mzigo imeandikwa "mzigo mzima" bila picha wala maelezo ya hali ya turubai hana neno la kujibu.

Ndiyo maana karatasi za kutunza si nyingi lakini zina uzito. Mwagizaji awe na cheti cha maabara kinachotaja namba ya shehena, si cheti cha kiwanda kilichotolewa miaka miwili iliyopita. Awe na picha za migongo ya bodi wakati kontena linafunguliwa, zikionyesha jina la kiwanda na tarehe. Ghalani kila shehena ikae peke yake na risiti ya mteja iandikwe namba yake. Msafirishaji aandike hali ya mzigo wakati wa kupakia na wa kushusha, na pande zote mbili zisaini. Kuna wanaoona huu ni ukiritimba wa bure kwa bidhaa ya faranga elfu chache. Marekani ililiona tofauti: sheria iliyosainiwa Januari 2013 ilitaka kila bodi ya jipsamu, ya ndani au ya nje, iandikwe jina la mtengenezaji pamoja na mwezi na mwaka ilipotengenezwa, na ikaweka ukomo wa salfa.

Bodi nyingi zinazouzwa Kigali zina maandishi ya aina hiyo mgongoni, kwa kuwa viwanda huyapiga kwa masoko yote. Fundi akishazipigilia darini na kuzipaka rangi, maandishi hayo hayaonekani tena bila kung'oa dari. Dakika kumi za kupiga picha, lori likiwa bado linashushwa, ndizo nafasi ya mwisho ambayo hayagharimu chochote kuyapata.